Mgongo Unauma na Kazi Inangoja: Urudi Lini?

Msomaji, kuna swali ambalo daktari huulizwa karibu kila siku, na aghalabu huulizwa mwishoni kabisa, mgonjwa akiwa amekwisha kusimama na dawa zake mkononi. "Daktari, na kazini je, nirudi lini?" Wengi wanaouliza hawajali sana jina la ugonjwa. Wanalotaka kujua ni kama kibarua chao kitakuwapo Jumatatu.

Juma hili nataka tulijibu swali hilo kwa upana, na mfano wetu tuutoe Adu.

Msomaji wa Mombasa au Nairobi pengine hajafika huko. Adu ni wadi katika eneo bunge la Magarini, kaunti ya Kilifi, kaskazini ya mto Sabaki, bara ya Malindi. Ni nchi kavu. Watu hulima mahindi na pojo mvua ikikubali, hufuga mbuzi na ng'ombe, huchoma makaa, na maji huyafuata mbali. Vijana wengi huteremka pwani kutafuta vibarua: kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kwenye ujenzi wa Malindi na Watamu, au kulinda majumba ya watu usiku. Kwa hivyo yule bawabu anayekufungulia lango, au yule kijana anayepandisha saruji ghorofa ya tatu, huenda mgongo wake ulianza kazi akiwa na umri wa miaka minane, chini ya mtungi wa maji.

Hebu tupige hesabu. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni kilo 20, mbali na uzito wa mtungi wenyewe. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Gunia la mahindi ni kilo 90. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilisema kwamba popote ambapo mwanamume mzima anaruhusiwa kubeba zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe upesi kupunguza uzito huo. Huko Marekani, mwaka 1991, taasisi ya serikali inayochunguza usalama kazini ilikadiria kwamba hata mambo yote yakiwa sawa, mzigo karibu na mwili, mahali pa kushika pazuri, hakuna kujipinda, mtu asiinue zaidi ya kilo 23. Gunia letu la mahindi ni karibu mara nne ya hapo, nalo hutupwa begani likitoka juu ya lori.

"MGONGO UMEKATIKA"

Watu wetu husema mgongo umekatika, au uti umeachana. Ni lugha ya kutisha, na kwa kawaida si kweli. Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na baina ya kila pingili mbili pana gegedu, yaani diski, inayofanya kazi kama mto wa kukalia. Pembeni zimefungwa kwa kano imara na kushikwa na misuli minene. Katika wagonjwa kumi wa maumivu ya kiuno, karibu tisa hatuoni kitu kimoja tunachoweza kukinyooshea kidole na kusema hiki ndicho kinachouma. Misuli imekaza, kano imevutika, kiungo kidogo kimechokozwa. Inauma sana, lakini hakuna kilichokatika, na wengi hupata nafuu kubwa ndani ya majuma sita.

"Lakini daktari, picha ilionyesha diski imetoka!" Naam. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za MRI watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu yao walikuwa na diski iliyovimba kidogo mahali fulani, na mmoja katika kila wanne alikuwa na diski iliyochomoza. Watu hao walikuwa wakienda kazini kama kawaida. Diski huchakaa jinsi nywele zinavyoota mvi. Kwa hivyo picha pekee haitoshi kukueleza kwa nini unaumwa, wala haitoshi kukufukuza kazini. Hospitali za watu binafsi zinapenda sana picha hizo. Mimi huziagiza pale tu ninaposhuku mambo nitakayoyataja mbele.

Zamani madaktari walimwambia mgonjwa wa mgongo alale. Godoro likawekewa ubao, mtu akalazwa chali majuma mawili au matatu, akilishwa na kugeuzwa. Siku hizi twajua kwamba ushauri huo ulikuwa na madhara. Mwaka 1986 madaktari wa Texas waliwagawa wagonjwa wa mgongo makundi mawili: wengine waliambiwa walale siku mbili, wengine siku saba. Wale wa siku mbili walikosa kazi kwa siku chache zaidi, pungufu kwa asilimia 45, na hawakuumia zaidi ya wenzao. Miaka tisa baadaye, mwaka 1995, ikaja taarifa nyingine kutoka Helsinki, Finland. Wafanyakazi 186 wa manispaa ya mji huo waligawanywa mafungu matatu. Fungu moja lililala siku mbili, jingine likapewa mazoezi maalumu ya mgongo, na la tatu likaambiwa liendelee na shughuli za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona upesi kuliko wote ni hao wa mwisho.

Sababu si ngumu kuielewa. Misuli isiyotumiwa hulegea haraka, diski hupata chakula chake kwa mwendo, na mtu aliyelala kutwa hana kazi nyingine ila kuusikiliza mgongo wake. Mwisho anaanza kuuogopa. Akiinama kidogo tu moyo unamdunda. Woga huo, msomaji, humzuia mtu kurudi kazini kwa muda mrefu kuliko hata maumivu yenyewe.

"RUDI UKIWA UMEPONA KABISA"

Sasa tufike kwenye kiini cha swali. Kuna waajiri ambao, kwa nia njema au kwa kutaka kukwepa lawama, humwambia kibarua arudi akiwa amepona kabisa. Mgonjwa naye hulishika neno hilo kama amri. Mwezi unapita, wa pili unapita, maumivu yamebaki kidogo, naye angali nyumbani Adu anangoja siku atakayoamka bila kusikia kitu. Siku hiyo huenda isifike. Maumivu ya mgongo yana tabia ya kuondoka na kurudi, na ukingoja yaishe kabisa waweza kungoja mpaka nafasi yako imekwisha kupewa mtu mwingine. Kadiri mtu anavyokaa nje ya kazi, ndivyo uwezekano wake wa kurudi unavyopungua. Hilo limeonekana katika nchi nyingi.

Hali kadhalika, kurudi siku ya tatu na kujitwika mfuko wa saruji ule ule ni upumbavu. Ipo njia ya katikati: rudi mapema, lakini kazi ipunguzwe kwanza kisha iongezwe hatua kwa hatua.

Jambo hili limepimwa. Katika mji wa Sherbrooke, huko Kanada, watafiti walilinganisha wafanyakazi waliopewa matibabu ya kawaida na wengine ambao mbali na kutibiwa, kazi yao yenyewe iliangaliwa: mtaalamu alikwenda mahali pa kazi, akaketi na mfanyakazi na msimamizi wake, wakakubaliana nini kibadilishwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Hao wa pili walirudi kwenye kazi yao ya kawaida kwa kasi ya mara 2.4 kuliko wenzao.

Najua hakuna mtaalamu atakayetumwa kutoka Malindi mpaka shamba la chumvi kwa ajili ya mgongo wa kibarua mmoja. Lakini karatasi ya daktari inaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo, ikiandikwa vizuri. Nyingi haziandikwi vizuri. Huandikwa maneno mawili tu, "kazi nyepesi", na kupigwa muhuri. Mnyapara akiisoma ataelewa nini? Kwake yeye, kupakia chumvi kwenye lori ndiyo kazi, na asiyeweza kupakia arudi kwao. Mwombe daktari wako aandike hivi: kwa majuma mawili huyu asiinue zaidi ya kilo 10, asiiname mfululizo zaidi ya nusu saa, anaweza kutembea, kufagia, kushona magunia, kuhesabu na kuandika, aonwe tena tarehe fulani. Karatasi inayotaja anachoweza humpa msimamizi mahali pa kuanzia. Inayotaja asichoweza peke yake humpa sababu ya kukuondoa.

Ukiwa kwenye ujenzi, waweza kuanza kwa kuchanganya na kumwagilia badala ya kupandisha mizigo. Dereva wa matatu na wa bodaboda apunguze safari ndefu na ashuke kila nafasi anapopata, kwa sababu mtikisiko wa barabara mbovu huuchosha uti wa mgongo hata pasipo mzigo. Bawabu abadilishe: nusu saa ameketi, nusu saa anazunguka ua. Karani wa ofisini, ambaye hudhani kwamba yote haya hayamhusu, ainuke kila baada ya nusu saa, hata kama ni kwenda dirishani tu. Kukaa kwenye kiti saa nne bila kunyanyuka kunamsumbua mwenye mgongo mbaya sawasawa na kupalilia.

Na utajuaje kama umezidisha? Kipimo changu ni asubuhi ya pili. Maumivu yakiongezeka kidogo wakati wa kazi na kurudi pale pale yalipokuwa ifikapo asubuhi, hukuharibu kitu, endelea. Yakiwa bado yamepanda asubuhi, punguza mzigo wa jana kwa nusu, usiache kabisa. Lakini maumivu yakianza kushuka mguuni kupita goti, na kila siku yanateremka zaidi, mwone daktari.

AMBAYE HANA MNYAPARA

Mpaka hapa nimesema habari za watu wenye mwajiri. Mama wa Adu haandikiwi karatasi na mtu. Mgongo ukimshika leo, kesho maji yanatakiwa, kuni zinatakiwa, na mtoto wa mgongoni bado hajajua kutembea.

Wanasayansi waliofanya kazi hapa Kenya, akiwemo Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha mwaka 1986 jambo lililowashangaza wengi ulimwenguni. Waliwapima wanawake waliozoea kubeba mizigo kichwani tangu utoto, na wakakuta kwamba wanaweza kubeba mpaka asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu za ziada hata kidogo. Ni ustadi wa ajabu. Lakini angalia kipimo chenyewe. Mama mwenye kilo 55, asilimia 20 yake ni kilo 11. Mtungi wa lita 20 ni zaidi ya thuluthi ya uzito wake. Hapo ustadi umekwisha, imebaki shingo na kiuno.

Kwa hivyo mama mwenye maumivu ajaze nusu mtungi, au mitungi miwili ya lita tano, mmoja kila mkono, ili mwili usilale upande. Najua utaniambia safari zitakuwa mbili, na kisima kiko mbali. Ni kweli. Ndiyo maana shauri hili haliwezi kuwa la mgonjwa peke yake. Punda, mkokoteni, baiskeli, vijana wa nyumbani, wote wahesabiwe kwa majuma hayo machache. Mwanamume mwenye baiskeli anayemwacha mkewe mgonjwa wa mgongo aende kisimani kwa miguu, huyo sina dawa yake.

Jembe nalo litazamwe. Mpini mfupi humlazimu mkulima kujikunja kutwa nzima. Huko California vibarua wa mashamba walilazimishwa kwa miaka mingi kutumia jembe la mpini mfupi, mpaka madaktari walipotoa ushahidi juu ya migongo yao, na mwaka 1975 jembe hilo likapigwa marufuku. Sisi hatuhitaji mahakama. Mpini mrefu hukatwa porini.

DAWA, MIKANDA NA SINDANO

Hapa nitasema kwa ufupi, maana dawa si sehemu kubwa ya habari hii. Panadol haikuonekana kuwa na nguvu kuliko kidonge kitupu katika utafiti mkubwa wa Australia wa mwaka 2014, uliokuwa na wagonjwa 1,652 wenye maumivu mapya ya kiuno. Dawa za aina ya ibuprofen husaidia kiasi, kwa siku chache na baada ya chakula. Lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu au mimba asizinunue bila kumwuliza daktari. Tabia ya kuchomwa sindano kila juma ili uweze kubeba gunia ni mbaya sana. Sindano huficha maumivu, haiondoi gunia.

Mikanda ya mgongo inauzwa kila stendi ya basi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, liliishauri dunia isiitumie kama tiba ya kawaida. Liliunga mkono mazoezi, kumwelimisha mgonjwa, na hata kukandwa. Kwa hivyo bibi anayekukanda kwa mafuta ya nazi ya moto hajakosea, ila asikanyage mgongo wa mtu, na asimchanje chale. Shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, mmoja katika kila 13. Hauko peke yako.

USINGOJE HAPA

Yapo maumivu ya mgongo ambayo hayahusiani na kurudi kazini hata kidogo. Ukishindwa kukojoa, au mkojo na choo vikitoka bila wewe kujua, ukipata ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au miguu ikilegea, nenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Usingoje gari la kesho. Mishipa ya fahamu imebanwa, na kila saa inayopita ina thamani. Aliyeanguka kutoka mnazini au mwembeni naye asiinuliwe hobelahobela na kupakiwa bodaboda. Alazwe juu ya kitu kigumu kilichonyooka.

Halafu kuna maumivu yanayopanda polepole kwa majuma, usiku na mchana, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Huingia pingili za mgongo na kuzila, mpaka mtu anatoka kibiongo. Daktari Mwingereza Percivall Pott alikieleza mwaka 1779, na hapa kwetu tungali tunakiona. Matibabu yake katika hospitali za serikali ni bure, ingawa kwa ugonjwa wa mifupa huchukua mwaka mzima. Na wafugaji wanaokunywa maziwa bila kuyachemsha, kama ilivyo desturi ya wengi huko bara ya Magarini, wapimwe brusela, ambayo huuma kiuno na viungo na kuleta homa za kuja na kuondoka. Ugonjwa huo unatibika kwa dawa za majuma kadhaa. Mwenye umri uliozidi miaka 50 anayeumwa mgongo kwa mara ya kwanza, na yeyote aliyewahi kuugua saratani, naye aonwe mapema.

SHERIA INASEMAJE

Mwaka 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilichapisha ripoti ya uchunguzi wa hadhara juu ya viwanda vya chumvi vya Magarini, na hali ya wafanyakazi ilikuwa miongoni mwa malalamiko. Mwaka uliofuata, 2007, Bunge lilipitisha sheria kadhaa za kazi ambazo vibarua wengi hawajapata kuzisikia.

Sheria ya Ajira inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka, mradi awe na cheti cha daktari anayetambuliwa. Kibarua wa kutwa ambaye siku zake za mfululizo zimefika mwezi mmoja, sheria hiyo humhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, hata kama mwajiri anaendelea kumlipa jioni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini nayo inamkataza mwajiri kumbebesha mtu mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumjeruhi.

Mgongo ukiumia kazini kwa ajali, kwa mfano umeteleza na gunia, hilo liko chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini. Mwajiri anapaswa kuiarifu ofisi ya serikali inayohusika katika muda wa siku saba tangu alipopata habari, na madai ya fidia yanatakiwa yafikishwe kabla ya miezi 12 kupita. Kinachowaangusha wengi ni kwamba walikwenda nyumbani kimya jioni ile, wakidhani ni uchovu, na baada ya mwezi hakuna anayekumbuka kitu. Mwambie msimamizi siku ile ile, mbele ya watu. Nenda zahanati iliyo karibu upate kadi yenye tarehe, na uhakikishe yule anayekuhudumia ameandika kwamba uliumia kazini, na ulikuwa umebeba nini. Majina ya wenzako waliokuwapo yaandike wewe mwenyewe, pamoja na saa.